Neno « yes » la Kiingereza kwa mwanafunzi Mchina: maana zake na matumizi yake

0. Utangulizi

Neno « yes » ni miongoni mwa maneno ya kwanza anayofundishwa mtu yeyote aanzaye kujifunza Kiingereza. Ni neno fupi, halinyambuliki, halina umoja wala wingi, na kamusi nyingi za wanafunzi hulipa mstari mmoja tu. Ndiyo sababu walimu wengi hulipita haraka, wakiamini kwamba mwanafunzi aliyelielewa siku ya kwanza amelielewa daima. Hata hivyo, mwanafunzi Mchina aliyekwisha kusoma Kiingereza kwa miaka kumi, awezaye kusoma gazeti na kuandika barua bila msaada, huweza bado kuteleza akiulizwa swali jepesi kama « Haven't you eaten? », yaani « Hujala? ». Hujibu « Yes » huku njaa inamwuma. Mwenyeji wake husikia kwamba mgeni amekwisha kula, naye huondoa sahani mezani.

Kosa hilo halitokani na uvivu wala na upungufu wa akili. Latokana na tofauti ya ndani kati ya lugha mbili, tofauti ambayo kamusi haiionyeshi kwa kuwa kamusi hulinganisha neno na neno, wakati jambo lenyewe limo katika uhusiano kati ya swali na jibu. Makala haya yanakusudia mambo matatu: kwanza, kueleza jinsi Kichina kinavyokubali na kukataa, pili, kueleza kanuni inayoongoza neno « yes » katika Kiingereza na asili yake katika historia, tatu, kuonyesha madhara ya kuichanganya mifumo hiyo miwili na njia za kuyaepuka. Kiswahili kitaingizwa mwishoni kama kipimo cha tatu, kwa sababu msemaji wa Kiswahili, kama itakavyoonekana, yuko karibu zaidi na Mchina kuliko na Mwingereza katika jambo hili.

Yafaa kukumbuka pia kwamba ufundishaji wa Kiingereza nchini China si jambo dogo wala jipya. Shule ya serikali iitwayo Tongwenguan ilifunguliwa Beijing mwaka 1862 ili kufundisha lugha za kigeni, na lugha iliyotangulia ilikuwa Kiingereza. Mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu ulirudishwa mwaka 1977 baada ya kusimamishwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni. Mwaka 1987 ulianzishwa mtihani maalumu wa Kiingereza kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Na mwaka 2001 Wizara ya Elimu iliagiza somo hilo lianze katika darasa la tatu la shule ya msingi. Katika nchi yenye wanafunzi wengi kiasi hicho, kosa la neno moja huwa kosa la mamilioni ya watu.

1. Jinsi Kichina kinavyojibu

Maneno ya Kichina yanayofuata yameandikwa kwa pinyin, yaani tahajia ya herufi za Kilatini iliyoidhinishwa nchini China mwaka 1958. Alama zilizo juu ya irabu huonyesha toni, na silabi « ma » mwishoni mwa sentensi ni kiulizi, mfano wa « je » ya Kiswahili.

1.1. Kurudia kitenzi

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba Kichina hakina neno moja lililo sawa na « yes ». Njia yake ya kawaida ya kukubali ni kukirudia kitenzi cha swali. Mtu akiulizwa « Nǐ qù ma? », yaani « Je, unakwenda? », hujibu « Qù », yaani « Nakwenda ». Akiulizwa « Nǐ yǒu qián ma? », « Je, una fedha? », hujibu « Yǒu », « Ninazo ». Akiulizwa « Nǐ chī le ma? », « Umekula? », hujibu « Chī le », « Nimekula ».

Kukataa hufuata njia hiyo hiyo, ila kitenzi hutanguliwa na kikanushi. Vikanushi vikuu ni viwili: « bù » kwa jambo la sasa, la desturi au la nia, na « méi » kwa jambo ambalo halijatendeka na kwa kutokuwa na kitu. Basi asiyekwenda husema « Bú qù » (« bù » hubadili toni yake mbele ya silabi fulani), na ambaye hajala husema « Méi chī ».

Kuna tena aina ya swali inayounganisha pande mbili: « Nǐ qù bú qù? », neno kwa neno « Wewe kwenda kutokwenda? ». Swali kama hilo humpa mjibu vipande viwili achague kimoja. Hapo neno la jumla la kukubali halina kazi kabisa. Mjibu hana budi kusema « Qù » au « Bú qù ».

1.2. « Shì », « duì », « hǎo »

Hata hivyo, Kichina kina maneno kadhaa ambayo kamusi huyatafsiri kwa « yes ». La kwanza ni « shì », ambalo kwa asili ni kitenzi kishirikishi, sawa na « ni » ya Kiswahili. Swali « Nǐ shì xuésheng ma? », « Je, wewe ni mwanafunzi? », hujibiwa « Shì », na hapo twaona ni kurudia kitenzi tu. Lakini « shì », au « shì de », huweza pia kujibu maswali mengine kwa maana ya « ndivyo ilivyo ».

La pili ni « duì », lenye maana ya « sahihi » au « kweli ». Anayesema « duì » hutoa hukumu juu ya maneno ya mwenzake: ulilosema ni sahihi. La tatu ni « hǎo », yaani « vema », linalotumika kukubali ombi, agizo au mapatano. Mtu akiambiwa « Njoo kesho », hajibu « shì » wala « duì », hujibu « hǎo ». Zaidi ya hayo kuna mguno « ǹg », utokao puani mdomo ukiwa umefumbwa, ambao hufanana na « ee » au « mm » za Kiswahili.

Kwa hiyo pale Kiingereza kinapokuwa na mlango mmoja, Kichina kina milango minne au mitano, na kila mlango una mahali pake. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba « yes » ni « shì » au « duì » hupokea nusu tu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo itakayompoteza.

1.3. Swali la kukanusha

Mahali pa kupotea ni swali lenye kikanushi. Mtu akiulizwa « Nǐ bú qù ma? », « Je, huendi? », naye kweli haendi, hujibu « Duì, wǒ bú qù », yaani « Sahihi, siendi ». Ikiwa anakwenda, hujibu « Bù, wǒ qù », yaani « Sivyo, nakwenda ». Katika majibu hayo neno la kwanza halisemi lolote juu ya safari. Lasema tu kama mwulizaji amekisia vema au vibaya. Ni neno linalomhusu mwulizaji. Habari ya safari yatolewa na kitenzi kinachofuata.

Iko namna moja ya swali inayoonekana kama ya kukanusha na kumbe siyo. Ni ile inayoanzwa na « bú shì », kama « Nǐ bú shì qù guo Běijīng ma? ». Maana yake si « Je, hukuwahi kwenda Beijing? », bali « Si ulikwenda Beijing? ». Hapo mwulizaji anaamini kwamba jambo lilitendeka, naye ataka kuthibitishiwa. Aliyekwenda atajibu « Shì, qù guo », yaani « Ndiyo, nilikwenda ». Kikanushi kimesimama nje ya habari yenyewe, hakikukanusha safari.

2. Asili ya « yes »

Waingereza hawakuwa daima na maneno mawili tu ya kukubali na kukataa. Zamani walikuwa na manne, nayo yalipangwa jozi mbili mbili. Jozi ya kwanza, « yea » na « nay », ilijibu swali lisilo na kikanushi. Jozi ya pili, « yes » na « no », ilijibu swali lenye kikanushi. Mtu akiulizwa « Je, anakuja? », alijibu « yea » au « nay ». Akiulizwa « Je, haji? », alijibu « yes » ikiwa anakuja, na « no » ikiwa haji.

Neno « yes » lilitokana na « gese » ya Kiingereza cha kale, ambalo wataalamu wengi huligawa mara mbili: sehemu ya kwanza ni « gea », mzazi wa « yea », na ya pili ni kitenzi chenye maana ya « na iwe hivyo ». Lilikuwa neno la nguvu, la kupinga ukanushi: wewe wasema haji, nami nasema yuaja. Msomaji ajuaye Kifaransa atatambua mara moja kwamba kazi hiyo ndiyo kazi ya « si » katika lugha hiyo. Na Kijerumani kina « doch » kwa shughuli ile ile.

Mpango huo wa maneno manne ulianza kulegea katika karne ya 16. Ushahidi maarufu umo katika mabishano kati ya Thomas More na William Tyndale. Tyndale alikuwa ametafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza, likachapishwa mwaka 1526. Katika kitabu chake cha mwaka 1532 cha kumpinga, More, pamoja na mashtaka yake makubwa ya kidini, alimlaumu pia kwamba hakujua kutofautisha « nay » na « no », kwa kuwa alitumia « no » kujibu swali lisilo na kikanushi. Lawama hiyo yaonyesha kwamba kanuni ilikuwa bado inajulikana na wenye elimu, na kwamba ilikwisha kuanza kuvunjwa hata na wenye elimu.

Baadaye « yes » na « no » zilishinda, zikachukua kazi zote nne. « Yea » na « nay » zilibaki katika maandishi ya kale, katika lahaja kadhaa, na katika kura za Bunge la Marekani. Lakini « yes » haikuacha tabia yake ya kuzaliwa. Lilikuwa neno la kutangaza kwamba jambo lipo, hata pale swali linapodhani halipo. Likaendelea hivyo hadi leo, na hiyo ndiyo tabia inayomshangaza Mchina.

3. Kanuni ya « yes »

3.1. Neno linaloafikiana na jibu

Wanaisimu Jerrold Sadock na Arnold Zwicky, katika uchunguzi wao wa mwaka 1985, walitenga mifumo mitatu ya kujibu katika lugha za dunia: mfumo wa « yes » na « no », mfumo wa kuafiki na kutoafiki, na mfumo wa kurudia kitenzi. Kiingereza ni cha mfumo wa kwanza. Kichina, kama ilivyoonyeshwa, huchanganya wa pili na wa tatu.

Katika mfumo wa Kiingereza, « yes » haimtazami mwulizaji. Yautazama ukweli wa jambo. Ni kama nusu ya kwanza ya sentensi yakinishi, na « no » ni nusu ya kwanza ya sentensi kanushi. Kwa hiyo « yes » hufuatwa na « I do », « I am », « I have »; na « no » hufuatwa na « I don't », « I'm not », « I haven't ». Muundo kama « Yes, I don't » humfanya Mwingereza asimame kama mtu aliyeona njia panda isiyo na kibao.

Kanuni yaweza kufupishwa hivi. Maswali « Did you go? », yaani « Ulikwenda? », na « Didn't you go? », yaani « Hukwenda? », yana majibu yale yale. Aliyekwenda husema « Yes » kwa yote mawili. Ambaye hakwenda husema « No » kwa yote mawili. Kikanushi cha swali huonyesha mshangao, shaka au matumaini ya mwulizaji, lakini hakigeuzi jibu.

3.2. Swali lenye mkia

Kiingereza hupenda kuongeza mkia mfupi mwishoni mwa kauli ili kuifanya swali: « You don't smoke, do you? », yaani « Huvuti sigara, sivyo? ». Kichina nacho kina mkia, nao mara nyingi ni « duì ma? », yaani « sahihi? ». Mtu asiyevuta sigara akiulizwa kwa Kichina « Nǐ bù chōu yān, duì ma? » hujibu « Duì », na hawezi kujibu vinginevyo, kwa kuwa ameulizwa kama maneno ni sahihi. Akiulizwa kwa Kiingereza, fikira zake hupita njia ile ile, naye husema « Yes ». Msikilizaji hubaki hajui kama aliye mbele yake ni mvutaji au siye.

Hapa patoa fundisho lenye manufaa. Kiingereza kina usemi ulio sawasawa na « duì », nao si « yes ». Ni « That's right », yaani « Ni sahihi ». Mtu akiambiwa « You don't smoke? » aweza kujibu « That's right, I don't », naye atakuwa amesema kwa Kiingereza safi kile alichotaka kusema kwa Kichina. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi wake kuiweka « duì » pamoja na « that's right » tangu mwaka wa kwanza huwaondolea mzigo wa miaka mingi.

3.3. Swali la « mind »

Mtego mwingine ni kitenzi « mind », chenye maana ya kuchukizwa au kuona vibaya. Swali « Do you mind if I open the window? » lina maana ya « Je, utaona vibaya nikifungua dirisha? ». Halina kikanushi, lakini kibali chake ni « No », yaani « Sitaona vibaya ». Mwanafunzi anayetaka kumpendeza mgeni wake husema « Yes » kwa tabasamu, na kwa maneno hayo amemkataza. Kichina kina swali kama hilo, « Nǐ jièyì ma? », lakini hujibiwa kwa kurudia kitenzi: « Bú jièyì », « Sioni vibaya ». Basi Mchina hakosei katika lugha yake, kwa kuwa kurudia kitenzi humlinda. Anapohamia Kiingereza hupoteza kinga hiyo.

Ifahamike pia kwamba wenye lugha wenyewe hawaifuati kanuni hiyo kwa ukali wakati wote. Husikika wakijibu « Sure », yaani « bila shaka », huku wakiashiria dirisha kwa mkono. Ni ishara na sauti vinavyobeba kibali, wala si neno peke yake.

4. Matumizi mengine ya « yes »

Mbali na kujibu maswali, « yes » ina kazi nyingine ambazo zafaa kutajwa kwa ufupi.

Kwanza ni kuitika. Anayeitwa kwa jina husema « Yes? » kwa sauti inayopanda, maana yake « Nipo, sema ». Katika darasa la Kichina anayeitwa kwenye orodha husema « Dào », yaani « Nimefika ». Kiswahili cha pwani hutumia « naam », na wanawake « bee » au « abee ».

Pili ni kupokea kinachotolewa: « Yes, please » kwa anayekubali chai, « No, thank you » kwa asiyeitaka. Katika desturi ya Kichina ya zamani, mgeni mwenye adabu hukataa mara ya kwanza, na mwenyeji hurudia kumkaribisha. Kwa Waingereza wengi kukataa mara moja kwatosha, na birika hurudishwa jikoni.

Tatu ni kuonyesha kwamba mtu anasikiliza. Mchina anapofuata maneno ya mkubwa wake husema « shì, shì » au « ǹg » bila kukubali lolote. Aeleza tu kwamba maneno yamfikia. Akiyageuza kuwa « yes, yes » katika mazungumzo ya biashara, mwenzake aweza kuondoka akidhani kwamba bei imekubaliwa. Kiingereza nacho kina « yes » ya kusikiliza, lakini kwa kazi hiyo huchanganywa na « I see », yaani « naelewa », na miguno mbalimbali.

5. Madhara yake

Mezani kosa hili huleta kicheko, na pengine njaa ya usiku mmoja. Kuna mahali ambapo halichekeshi. Daktari au mwuguzi, kabla ya kutoa dawa, huuliza kwa haraka: « You're not allergic to penicillin? », yaani « Penisilini haikudhuru? ». Mgonjwa ambaye dawa hiyo haimdhuru hujibu « Yes », akikusudia « Sahihi, hainidhuru ». Mwuguzi huandika kwamba yamdhuru, na mgonjwa hunyimwa dawa inayomfaa. Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili: yule ambaye dawa humdhuru hujibu « No », akikusudia « Sivyo, hunidhuru », naye huchomwa sindano.

Mahakamani hali ni hiyo hiyo. Wakili akimwuliza shahidi « You did not see the car? », yaani « Hukuliona gari? », na shahidi akajibu « Yes », karani huandika neno moja katika kumbukumbu. Sauti, uso na kichwa kilichotikiswa haviandikwi. Atakayesoma ukurasa huo baada ya mwaka hataweza kujua kama shahidi aliliona gari au hakuliona.

Katika mawasiliano ya redio kati ya marubani na waongozaji wa ndege, utaratibu wa kimataifa umeweka kando « yes » na « no ». Badala yake hutumika « affirm » na « negative ». Sababu kuu ni kwamba maneno mafupi humezwa na kelele za redio. Lakini utaratibu huo huenda mbali zaidi: huwataka wasemaji watumie tungo zilizowekwa, na warudie agizo muhimu kwa maneno yake badala ya kulijibu kwa neno moja. Twaweza kusema kwamba angani Kiingereza kimelazimika kurudi katika njia ya Kichina, njia ya kurudia.

6. Kiswahili, Kifaransa na darasa

6.1. Nafasi ya Kiswahili

Msomaji wa Kiswahili atakuwa ameona kwamba mwendo wa Kichina si mgeni kwake. Anayeulizwa « Hujala? » naye hajala, hujibu « Ndiyo, sijala ». Aliyekula hujibu « Hapana, nimekula ». Hata muundo wa maneno yenyewe washuhudia. « Ndiyo » ni « ndi- » ya mkazo pamoja na « -yo », yaani « jambo lenyewe ni hilo ». Ni hukumu juu ya kilichosemwa, kama « shì » na « duì ». « Hapana » imeundwa kwa « ha- », « pa » na « na », yaani « mahali hapo hapana kitu ». Tena Kiswahili hupenda kurudia kitenzi: « Umefika? » hujibiwa « Nimefika » bila « ndiyo » yoyote. Na swali « Si ulikwenda Kisangani? » hufuata mwendo ule ule wa « bú shì »: « si » imesimama nje ya habari, na aliyekwenda hujibu « Ndiyo ».

Mwanafunzi Mkongomani, hata hivyo, ana msaada ambao Mchina hana. Shuleni amefundishwa Kifaransa, na pamoja nacho « si ». Ajua kwamba « Tu n'as pas mangé ? » hujibiwa « Si » na aliyekula, na « Non » na ambaye hajala. Akiambiwa kwamba « yes » ya Kiingereza hufanya kazi ya « oui » na ya « si » kwa pamoja, amekwisha kuipata kanuni. Ni kweli kwamba wengi wenye Kiswahili au lugha nyingine ya Kibantu kama lugha ya kwanza husikika wakisema « Oui, je n'ai pas mangé ». Lakini hilo lathibitisha tu kwamba Mkongomani na Mchina huteleza katika jiwe moja.

Jambo hilo si la darasani tu. Mwaka 2008 serikali ya Kongo ilitia sahihi mkataba na makampuni ya China uliozaa kampuni ya Sicomines huko Kolwezi, na katika migodi ya Katanga ya zamani Wakongomani na Wachina hufanya kazi pamoja. Wakizungumza kila mmoja kwa mantiki ya lugha yake, « Mashine haijazimwa? » na « Ndiyo » vitaeleweka pande zote mbili kuwa mashine bado yawaka. Hatari huanza pale mmoja wao anapojibu kwa kanuni ya Kiingereza au ya Kifaransa aliyoisoma shuleni, na mwenzake akasikiliza kwa kanuni ya nyumbani.

6.2. Mapendekezo kwa walimu

Kutokana na yaliyoelezwa, mapendekezo manne yaweza kutolewa.

a) Tangu somo la kwanza, « yes » isifundishwe peke yake. Ifundishwe pamoja na mkia wake: « Yes, I do », « Yes, I have ». Mkia huo hufanya kazi ya kitenzi kinachorudiwa katika Kichina, na humlinda mwanafunzi hata neno la kwanza likikosewa.

b) Mwanafunzi azoezwe kuondoa kikanushi cha swali akilini kabla ya kujibu. Asikiapo « Didn't you go? », ajiulize « Did you go? », kisha ajibu hilo la pili.

c) « Duì » ilinganishwe na « that's right », na « hǎo » ilinganishwe na « all right ». « Yes » ibaki kwa kazi yake.

d) Anayeuliza naye ana wajibu. Daktari, wakili, msimamizi wa kazi na mwalimu mwenyewe waepuke maswali ya kukanusha pale jambo linapokuwa zito. « Umekula nini leo? » ni swali salama kuliko « Hujala? », kwa sababu jibu lake haliwezi kuwa neno moja.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ugumu wa « yes » kwa mwanafunzi Mchina hautokani na maana yake bali na mahali linapoelekezwa. Katika Kichina, kama katika Kiswahili, neno la kukubali huelekezwa kwa mwulizaji na kusema kama amenena sawa. Katika Kiingereza huelekezwa kwenye jambo na kusema kama lipo. Kila mfumo una mantiki yake, na hakuna ulio bora kuliko mwingine. Waingereza wenyewe waliwahi kuwa na mpango mwingine wakauacha. Lakini anayevuka kutoka mfumo mmoja kwenda wa pili apaswa kuambiwa kwamba amevuka. Vitabu vya mwanzo vya Kiingereza, pale vinapoandika « yes » upande mmoja wa ukurasa na « shì » upande wa pili, au « ndiyo » kwa msomaji wetu, vingefaa kuongeza mstari mmoja wa kueleza swali la kukanusha.